Mia na Ishirini na Tisa

Mama alikuwa na ulimi wa kuangusha bei.
Wachuuzi wa Gikomba wakimwona anakuja
walifunika marobota.
Kisha Jumanne moja, mwezi wa tano, mvua inapiga,
akaamka mdomo umeenda upande
na kinywani likabaki neno moja:
kile.
Kile, akinyooshea dirisha.
Kile, akitaka uji.
Kile, kile, kile, akinililia mimi mwanawe,
jina langu limepotelea ndani ya kichwa chake.

Kenyatta tulilala siku kumi na tatu.
Nasambu, daktari wa matamshi,
kijana, viatu vikilia sakafuni,
alimwonyesha picha: kikombe, kiatu, kuku.
Mama akageukia ukuta.
Aliyejumlisha fedha za chama bila kalamu
hakuwa na la kumwambia kuku.

Tukarudi Majengo,
huku sauti haibishi hodi:
mafundi wa sufuria wanalitangulia jua,
Wakorino wanapiga ngoma Jumamosi kutwa,
jenereta ya kinyozi, kikohozi cha Odera.
Nilikuwa nimechoka na sauti.
Kusema kweli nilikuwa nimechoka na Mungu pia,
ila hilo sikumwambia mtu.

Usiku wa kuamkia Ijumaa wakaja wenzake,
wanawake saba na mkeka wao,
kumsomea, kama asomewavyo mgonjwa,
si kwamba aitikie.
Ubani ukawaka. Wakaanza chinichini,
Yaa Latifu, Yaa Latifu,
mpaka maana ikachubuka, ikabaki pumzi,
pumzi inayobishana na mbavu,
na kijiko ndani ya bilauri
kikaanza kutetemeka peke yake.
Mia na ishirini na tisa, ndiyo hesabu yake.
Kwenye arubaini na kitu
nikasikia sauti ya nane.
Nzito, ya upande mmoja,
kama mlango unaoburuta sakafu:
Yaa La... Latifu.

Hakuna aliyesita.
Bi Mishi, tasbihi mkononi, alinikata jicho:
usithubutu kulia, utatuvuruga hesabu.
Nikameza.
Walipomaliza wakanyamaza,
naye akanyamaza, akanitazama.
Kile, akasema.

Nasambu hakushangaa.
Maneno ya kusema, alieleza, yana chumba chao;
yaliyorudiwa miaka na miaka yana chumba kingine.
Mwizi aliingia kimoja tu.
Basi wewe pitia mlango wa pili.

Kwa hiyo alfajiri tunakaa, magoti kwa magoti.
Nampigapiga kiganja cha kushoto.
Yaa Latifu, mara kumi,
na katika pumzi ileile nachopeka: maji.
Yaa Latifu, maji.
Nilimuuliza Bi Mishi kama ni kufuru.
Muulize mwenye kiu, akajibu, akaendelea kumenya viazi.

Maji yakaja. Uji ukaja.
Funga mlango ukaja, na mahadhi yake.
Juzi kaenda Gikomba na fimbo,
akamsimamia muuza mashuka:
hamsini, hamsini, hamsini,
macho kayafumba, kifua kinavuma,
hata yule kijana akasema, mama, chukua tu.

Mimi nami kuna kitu kinanitokea, sijui nikiite nini.
Sijarudi msikitini.
Ila nikiwa kwenye foleni ya maji, ndoo mkononi,
nashtukia koo langu linanguruma
na bega, lililopanda tangu mwezi wa tano,
limeshuka.

Jina langu bado.
Nimelipima kwa vidole gizani:
Mwa-na-si-ti.
Silabi nne, sawasawa na zile.
Sijalichopeka. Hilo nataka alifikie mwenyewe.

Leo tulikuwa kwenye sabini na moja
nyundo ya kwanza ilipogonga bati huko nje,
ya pili, ya tatu,
hesabu ikatuponyoka.
Mama akacheka kwa nusu ya mdomo,
akanipa kiganja.
Tukaanza moja.